Kuomba Neema ya Kustahimili Jaribu Refu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Mkristo ambaye jaribu lake limeshavuka hatua ya "tuombeeni wiki hii". Mgonjwa yuko kitandani mwezi wa saba. Kazi iliisha na barua za kuomba nyingine hazijibiwi. Mkubwa wa ofisi anataka usaini vocha ya malipo ya bidhaa ambazo hazikufika, na kila mwisho wa mwezi anarudi na karatasi ileile. Umeshaomba tatizo liondoke, umefunga, umekesha, na asubuhi umelikuta palepale. Hapo linahitajika ombi la pili, liende sambamba na lile la kwanza: nguvu ya kubaki mwaminifu leo, ukiwa ndani ya jambo lenyewe.

Maneno ya Biblia yaliyonukuliwa humu yametoka katika Union Version, ambayo familia nyingi wanayo nyumbani.

Kwanza ujue unaomba nini

Fungua Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani amewataka wanafunzi "apate kuwapepeta vile vile kama ngano". Halafu anasema alichokiomba: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Pepeto lilikuja usiku uleule, na Petro alianguka vibaya sana uani kwa kuhani mkuu. Lakini imani yake haikufa. Alilia, akarudi, na baadaye akawaimarisha ndugu zake kama alivyoagizwa. Hilo ndilo ombi tunalojifunza hapa.

Shuka mistari kumi tu mbele katika sura hiyohiyo. Yesu mwenyewe anaomba kikombe kiondolewe, kisha anasema "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Mstari wa 43 unasema malaika akamtokea, akamtia nguvu. Nguvu ilikuja na kikombe kikabaki. Na baada ya kutiwa nguvu, mstari wa 44, ndipo alipoomba kwa bidii zaidi, na jasho likadondoka. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukipewa neema hutasikia maumivu, au kwamba machozi yako ni dalili ya kukosa imani.

Kuna watu wanaoona kuomba uvumilivu ni kukata tamaa, kana kwamba umemwambia Mungu kuwa hawezi. Wale vijana watatu mbele ya tanuru (Danieli 3:17-18) walisema yote mawili kwa pumzi moja: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", hatutaisujudia sanamu. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Omba yote mawili. Usichague moja.

Kabla hujaanza: je, hili ni jambo la kustahimili?

Hapa ndipo watu wengi wameumizwa kwa jina la Mungu, kwa hiyo tusiharakishe.

Kipigo si jaribu la kuvumiliwa. Mume au mke anayekupiga, mzazi au mlezi anayemnajisi mtoto, mtu anayetishia kukuua: omba ukiwa umeshatoka hapo. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli alikimbia usiku uleule (1 Samweli 19:10). Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu (Matendo 9:25). Yesu aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Nchini Tanzania nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nchini Kenya piga 1195, simu ya bure. Kwa habari za mtoto, namba ni 116 katika nchi zote mbili. Kiongozi wa dini anayekuambia "vumilia mwanangu, ndoa ni msalaba" huku uso umevimba anakosea, hata awe na cheo gani.

Dawa haziachwi kwa sababu umeanza kuomba. Vidonge vya shinikizo la damu, insulini, dawa za kifafa, ARV, dawa za kifua kikuu: endelea nazo. Mtu anayeacha ARV "kwa imani" huwapa virusi nafasi ya kuongezeka mwilini na kuwa sugu kwa dawa, na madhara yake yanaweza kuonekana miezi kadhaa baadaye, wakati aliyemshauri ameshahamia mji mwingine.

Na kama jambo lina mlango ulio wazi, pita mlangoni. Deni linalokukosesha usingizi linahitaji maombi, na pia linahitaji uende kwa anayekudai ukamwambie utalipa kiasi gani na lini. Kosa ulilolitenda mwenyewe linahitaji toba na kurudisha ulichochukua, siyo saburi. Kinachobaki baada ya hayo yote, kile usichoweza kukigeuza kwa mkono wako, hicho ndicho unachokiombea neema ya kustahimili.

Vitu vya kuandaa

Biblia, daftari dogo na kalamu. Dakika 20 asubuhi kabla hujashika simu, na dakika 5 usiku. Ukiwa na watoto wadogo au mgonjwa, alfajiri huenda isiwe yako. Chagua muda ambao kweli unaupata, hata kama ni saa nne asubuhi wengine wakiwa shuleni, na uushike huohuo kila siku. Tafuta pia mtu mmoja, mmoja tu, anayeweza kutunza siri, ambaye utamweleza unachokiombea.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari andika mambo mawili.

La kwanza ni jaribu lenyewe, kwa sentensi moja isiyo na mapambo. "Baba amepata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na mimi ndiye ninayemuuguza." Usiandike "vita vya kiroho katika familia yetu", hata kama unaamini vipo. Ukilitaja jaribu kwa jumla, utaomba kwa jumla, na hutajua umejibiwa nini.

La pili ni dhambi ambayo jaribu hilo linaifanya ionekane tamu. Kila jaribu refu lina pande mbili: lile linaloumiza, na lile linalokuvuta utoke njiani ili maumivu yapungue. Ugonjwa unavuta kwenda kwa mganga, au kumfokea mgonjwa. Ukosefu wa kazi unavuta kughushi cheti, au kuwachapa watoto kwa hasira isiyo yao. Ndoa iliyopoa inavuta kwenye simu ya mtu mwingine usiku. Yakobo anatenga pande hizi mbili katika sura moja: mstari wa 2 anasema majaribu yahesabiwe furaha, mstari wa 13 anasema mtu asiseme Mungu ndiye anayemvuta kwenye uovu. Watu wengi huombea upande unaouma peke yake, na ule wa pili ndio unaowaangusha.

Maombi ya asubuhi

*Dakika 2: nyamaza.* Kaa, miguu chini, mikono wazi. Mwite Mungu kwa jina ulilozoea kumwita: Baba, Bwana, Mungu wangu. Mawazo yatakuja, ada ya shule, mkutano wa saa tatu. Yaache yapite. Wanaoanza moja kwa moja na maneno mengi hujikuta wanajisimulia shida zao wenyewe kwa dakika kumi na tano, kisha wanasema amina.

*Dakika 4: zaburi, kwa sauti.* Hata kwa kunong'ona, lakini midomo isogee. Kwa juma la kwanza tunapendekeza mpangilio huu: Jumatatu Zaburi ya 13, Jumanne ya 42 pamoja na 43, Jumatano ya 77, Alhamisi ya 22, Ijumaa ya 88, Jumamosi ya 130, Jumapili ya 27. Zote ni za mtu aliye ndani ya shida. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na inafaa kuwa kielelezo: mistari miwili ya kwanza ni malalamiko ("Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?"), miwili inayofuata ni ombi, miwili ya mwisho ni tumaini. Ile ya 88 haina mgeuko. Inaanza kwenye shida na inaishia gizani, na imo katika Biblia vilevile. Siku ambayo huna neno la shukrani, soma hiyo na uishie hapo ilipoishia.

*Dakika 3: lalamika.* Sema sentensi tatu zinazoanza na "Hata lini". Zielekeze kwa Mungu. Kumlalamikia Mungu mbele zake ni sala. Kumsema Mungu vibaya kwa majirani huku umeacha kuomba ni jambo jingine. Waliolelewa kwamba kulalamika ni kukosa adabu hupata shida sana hapa. Wakumbuke kwamba Yesu aliomba msalabani kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

*Dakika 6: omba neema ya leo.* Hapa ndipo kiini cha mwongozo wote, tutalirudia kwa kina hapa chini.

*Dakika 2: omba liondolewe.* Ndiyo, tena, kila siku, kwa maneno machache. Mjane wa Luka 18 hakuona haya kurudi. Malizia kwa kusema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke". Kama siku hiyo maneno haya yanakukwama kooni, usiyatamke kwa uongo, mwambie, "Bwana, nifanye niweze kulisema neno hili."

*Dakika 3: Baba Yetu, polepole,* ukitulia baada ya kila ombi.

Jinsi ya kuunda ombi la neema

"Bwana nipe nguvu" ni sala nzuri mtu anapoanguka ghafla. Kwa jaribu la miezi, haitoshi, kwa sababu nguvu ya kufanya nini? Jioni hutajua kama ulipewa. Ombi la neema lina sehemu nne: saa, mahali au mtu, kishawishi, na neema yenyewe kwa jina lake.

Chukua yule anayemuuguza baba mwenye kiharusi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda kiunoni na visiginoni kwa kulalia upande mmoja. Anayemgeuza anaamka saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ile ya saa nane ndiyo mbaya. Mwili umechoka, shuka limelowa, mzee ananung'unika kwamba umemshika vibaya, na ulimi unaanza kuwasha. Ombi lake linakuwa hivi:

"Bwana, leo saa nane za usiku, nikiwa kando ya kitanda cha baba, nitakapotaka kumjibu kwa ukali, nipe upole wa dakika tano. Nimgeuze, nimbadilishie shuka, nimwambie neno moja jema, nirudi kulala."

Upole wa dakika tano. Watu wengine huona ni kidogo mno kuombwa kwa Mungu. Lakini ndicho kinachohitajika saa hiyo, na kitakapopatikana utakitambua.

Au yule wa ofisini: "Bwana, leo mkuu wangu akiniletea ile vocha baada ya chakula cha mchana, nitakapoogopa kufukuzwa, nipe ujasiri wa kusema sitasaini mpaka nione bidhaa zimefika, na unipe sauti tulivu nitakapokuwa nasema." Kuna ujasiri, na kuna utulivu; ni neema mbili tofauti na ameziomba zote. Kwa hekima ya namna ya kusema, ongeza Yakobo 1:5, kwa kuwa hekima ameiahidi kwa yeyote aombaye, na "wala hakemei".

Kama hujui uite neema gani, haya ndiyo majina yanayohitajika mara nyingi: saburi, upole, ujasiri, ukweli wa ulimi, kiasi, kusamehe, usingizi, furaha ndogo katikati ya siku, na kuendelea kuomba. Hiyo ya mwisho usiisahau. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini ya kale, alifundisha kwamba kudumu hadi mwisho ni zawadi ya Mungu, wala mtu hajipatii mwenyewe, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ukaiita zawadi kuu. Zawadi huombwa.

Usiombe zaidi ya maombi mawili ya namna hii kwa siku. Ukiandika saba, utayasoma tu.

Kwa nini leo tu

Kosa kubwa kuliko yote katika majaribu marefu ni kujaribu kubeba leo uzito wa miaka. Mtu anakaa na kuwaza: nitaweza kweli kumuuguza miaka mitano? Hasikii nguvu hiyo ndani yake, anahitimisha kwamba Mungu hayupo. Lakini hajaahidiwa leo nguvu ya mwaka wa tano. Kutoka 16 inasema mana ilipimwa pishi moja kwa kila mtu, ya siku hiyo. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita waliyoruhusiwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato.

Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203. Felisita, mtumwa na Mkristo, yuko gerezani akiwa na mimba ya miezi minane, naye amehukumiwa pamoja na Perpetua na wenzao kutupwa kwa wanyama wakali. Sheria haikuruhusu mwanamke mjamzito auawe. Hofu yake ilikuwa kubakizwa nyuma, afe baadaye peke yake bila ndugu zake wa imani. Siku tatu kabla ya siku ya kifo wote wakaomba kwa sauti moja, na uchungu ukamjia. Akilia kwa uchungu wa kuzaa, askari wa gereza akamsimanga: kama unalia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akamjibu kwamba yanayompata sasa anateseka mwenyewe, lakini kule atakuwamo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Alijifungua mtoto wa kike, akalelewa na mwanamke Mkristo. Tarehe 7 Machi Felisita aliingia uwanjani. Alilia kwa ajili ya saa aliyokuwa nayo, na hakudai neema ya saa ambayo haijafika.

Kwa hiyo unapowaza ya mwakani, fanya hivi: liandike wazo hilo nyuma ya daftari, useme "hili ni la siku yake", kisha urudi kwenye ombi la leo.

Mchana na usiku

Mchana, saa yenyewe inapofika, sema neno moja tu kutoka ombi la asubuhi. "Upole, Bwana." Inatosha. Ukingoja upate nafasi ya kupiga magoti, saa itakuwa imepita.

Usiku chukua daftari uandike mistari miwili: neema niliyoomba, na kilichotokea. Kama uliipata, shukuru kwa sentensi moja. Kama ulianguka, sema wazi ulichofanya, omba msamaha, na kama ulimkosea mtu mwombe radhi kabla ya kulala au kesho mapema. Soma Maombolezo 3:22-23, "rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi", ukalale. Usifanye hesabu ya dhambi za mwaka mzima saa tano usiku. Mwili uliochoka hauamui mambo vizuri.

Kufunga

Siku moja kwa juma inatosha kwa mtu aliye katika jaribu refu. Acha mlo mmoja, au funga tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na maji unywe. Muda ambao ungekula, omba. Fedha ya mlo huo mpe mwenye shida kuliko wewe, kama Isaya 58:7 inavyoagiza. Nawa uso, vaa kama kawaida (Mathayo 6:17).

Wasifunge chakula: wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo, na wanaotumia dawa zinazotakiwa kumezwa na chakula. Hao wafunge kitu kingine, kama simu jioni, au maneno ya kulalamika kwa siku nzima. Mfungo wa siku nyingi bila kula kwa mtu ambaye tayari halali na hali vizuri huishia katika udhaifu na hasira, kisha anadhani ameshambuliwa.

Kuomba pamoja na wengine

Jaribu refu humtenga mtu. Mwezi wa kwanza nyumba inajaa wageni, mwezi wa sita hata jirani hapiti. Kwa hiyo usingoje wakukumbuke. Nenda kwenye jumuiya yako, seli au kikundi cha maombi, ueleze kwa maneno mafupi unachotaka. "Naomba mniombee nipate upole usiku" inaeleweka kuliko hadithi ya nusu saa. Mambo ya siri ya mgonjwa au ya mwenzi wako yaache kwa yule mtu mmoja. Siri iliyotolewa kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu mia mbili haiombewi tena, inasambazwa.

Kwa mnyororo wa maombi, watu saba wanatosha: kila mmoja achukue siku yake ya juma na asali kwa ombi lilelile, dakika kumi, mahali alipo. Huendi kuwasumbua kwa mikesha kila Ijumaa, na hakuna siku unayobaki bila mwombezi.

Vijana waliopelekwa Namugongo, Uganda, mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana, walikaa siku kadhaa wamefungwa huku kuni zikiandaliwa, na waliomba pamoja hadi tarehe 3 Juni walipochomwa. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alikuwa amewabatiza baadhi yao, akiwemo Kizito aliyekuwa mdogo sana, wakiwa bado Munyonyo usiku wa kuamkia safari hiyo. Hawakuachwa kila mmoja aombe peke yake na hofu yake.

Kwa mgonjwa, ita wazee wa kanisa kama Yakobo 5:14 inavyosema; Mkatoliki amwite padri kwa Mpako wa Wagonjwa, na asingoje mpaka mtu awe hajitambui, kwa maana sakramenti hii ni ya kumtia nguvu mgonjwa aliye hai. Hakuna malipo. Anayetaja kiasi cha fedha kabla ya kukuombea, au anayeuza mafuta na maji kwa bei kufuatana na ukubwa wa shida, mwache.

Na wewe unayekwenda kumwombea mwenzako: rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye kimya (Ayubu 2:13), waliharibu walipoanza kueleza sababu. Usimwambie kuna dhambi imejificha. Usimpe ushuhuda wa mtu aliyepona kwa siku tatu. Fua shuka, kaa na mgonjwa saa mbili mwenzako alale, halafu omba kwa dakika mbili.

Yanayokwama, na sababu zake

Unasinzia kila ukianza kuomba. Mara nyingi ni usingizi kweli. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na mkate tena (1 Wafalme 19:5-8). Sauti ndogo ilikuja baadaye, Horebu. Lala, kisha uombe umesimama.

Husikii chochote. Ukavu katika jaribu la muda mrefu ni jambo la kawaida, wala si kipimo cha kama umesikiwa. Angalia daftari, usiangalie hisia. Kama uliomba upole ukapata upole bila kusikia joto lolote moyoni, umejibiwa.

Umeanza kumwekea Mungu masharti: "ukimponya nitajenga kanisa." Nadhiri iliyotolewa kwa hofu humfunga mtu baadaye. Ukishaitoa, zungumza na mchungaji au paroko, usiibebe peke yako.

Unakasirika ukisikia shuhuda za wengine. Mwambie Mungu hivyohivyo. Jumapili hiyo unaweza kukaa nyuma, lakini usiache kwenda.

Huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali au unalala kutwa, hakuna kinachokuvutia, au umeanza kuwaza kujiua. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Nenda hospitali, mwambie daktari wazi. Wazo la kujiua likija, usikae peke yako hata saa moja. Mpigie yule mtu wako mmoja sasa hivi, aje akupeleke.

Siku ambayo huwezi kuomba kabisa

Zitakuwapo. Siku hiyo usijilazimishe dakika 20. Sema maneno ya yule baba wa Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," mara moja. Au kaa kimya na Biblia mapajani. Shika rozari bila kusema kitu, kama ndiyo desturi yako. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa", kwa hiyo sala yako haikukatika. Kisha tuma ujumbe kwa mtu wako: "Leo siwezi. Niombee." Yeye aombe kwa sauti yake yale uliyoyaandika, na wewe ujibu amina tu.

Kila Jumapili mchana

Soma mistari ya juma zima, dakika kumi. Weka alama pembeni pale neema ilipopatikana. Ukiona kishawishi kimoja kimekuangusha zaidi ya mara tatu mahali palepale, usiongeze maombi tu, badilisha jambo: mwombe ndugu achukue zamu ya saa nane usiku mara mbili kwa juma, au ukae na mwenzako ofisini saa ile vocha inapoletwa. "Mlango wa kutokea" wa 1 Wakorintho 10:13 mara nyingi huwa ni mtu anayekubali kukaa na wewe.

Kisha andika ombi jipya la juma linaloanza, maana neema iliyohitajika mwezi uliopita huenda siyo ya mwezi huu. Mgonjwa akianza kupata nafuu, kwa mfano, anayemuuguza huhitaji saburi ya namna nyingine, ya kumwachia ajilishe mwenyewe polepole, kijiko kikidondoka, bila kumpokonya.